Kabichi Katika Safu ya Bei

Wenzangu mliobaki kazini, na hasa ninyi mlioingia juzi na bado mnaulizana chai inanywewa saa ngapi: nimestaafu salama. Magoti yanakubali kwa shida kidogo, lakini yanakubali. Nimekaa kibarazani kwangu Bigwa, hapa Morogoro, mlima uko mgongoni, kuku wa jirani wananizunguka kana kwamba na wao wamestaafu, naandika. Habari za vyeo na ngazi za mishahara sitazigusa. Zimo kwenye faili langu, na faili lile halijawahi kumfurahisha mtu. Nitawaambia tulivyofanya kazi.

Siku ya kwanza nilifika ofisini nimevaa viatu vya visigino virefu, vyeusi, vinavyong'aa. Mama yangu alikuwa ameuza njegere msimu mzima ili nionekane mtu wa serikali. Aliyenipokea ni Mzee Kibwana, ofisa wa kanda, Mluguru wa Matombo, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma na sauti ya taratibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibu." Akatazama chini. "Una viatu vingine?"

"Hapana, mzee."

"Basi leo utakaa ofisini usome kanuni. Kesho uje na raba. Kazi yetu hii, kuna siku mtu anatakiwa kukimbia, na haulizwi amevaa nini."

Nilikaa nikasoma kanuni mpaka macho yakauma. Kesho yake nilikuja na raba za mdogo wangu, zimenibana, na Mzee Kibwana akanikabidhi chombo changu cha kwanza cha kazi: chupa ya maji ya sabuni na brashi ya kupakia rangi. Unapaka povu kwenye maungio ya bomba, unatulia, unatazama. Povu likivimba kama shavu la mtoto mwenye pipi, hapo gesi inavuja. Vipimo vya betri vilikuja baadaye, navyo ni vizuri, sivikatai. Ila betri huisha ukiwa porini, na sabuni ipo kila duka.

Miaka ile ya mwanzo tulikuwa wakaguzi wa mafuta ya taa na dizeli. Gesi asilia ilipoanza kupanda Morogoro ikitokea Dar, imeshindiliwa kwenye mitungi mirefu iliyolazwa juu ya malori, ndipo kazi yetu ilipopata sura mpya. Viwanda vikaanza kuitumia, vituo vya kujazia magari vikafunguliwa, na kanuni mpya zikaja na jambo ambalo wengi waliliogopa bure: taarifa ya muamala wa dharura.

Nalieleza hapa kwa lugha ya nyumbani, maana najua semina mnazopewa zina maneno mengi. Kila mwenye gesi ana mkataba unaosema anaipata kwa nani na anampa nani. Sasa ikitokea njia imekatika au mtambo umeharibika, na kuna mtu ambaye akikosa gesi maisha, afya au mali itaangamia, basi aliye nayo anaweza kumuuzia, kumkopesha au kubadilishana naye hata kama hawana mkataba. Serikali haimzuii. Inachotaka ni kuambiwa: nani ametoa, nani amepokea, kiasi gani, kwa sababu gani, tangu lini mpaka lini, na kwa malipo yapi. Kwanza anasema kwa mdomo, upesi. Baadaye anaandika, kwa utulivu. Kwa njia hiyo tunajua wapi kuna upungufu, na wajanja hawapati pa kujificha.

Wajanja walikuwepo. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye kiwanda kidogo cha biskuti ambaye kila Ijumaa mchana alipiga simu kutangaza dharura. Mara lori limechelewa, mara dereva anaumwa tumbo, na gesi alikuwa anachukua kwa rafiki yake mwenye kituo cha kujazia magari, nje ya mkataba. Nilikuwa nampokea kwa heshima zote na kuandika. Siku moja Mzee Kibwana alisimama nyuma yangu, akasoma, akachukua simu mwenyewe.

"Habari za kazi, bwana? Dharura yako imefika salama. Nilitaka kukushauri jambo. Dharura inayokuja kila Ijumaa tunaiita ratiba. Nenda kwa huyo rafiki yako muandikishiane mkataba, mtapumzika, na huyu binti wangu naye atapumzika."

Yule bwana alicheka mpaka mimi niliyekaa pembeni nikamsikia. Mkataba ukaandikwa, na Jumatatu tukaletewa katoni ya biskuti, ambayo Mzee Kibwana aliirudisha ikiwa haijafunguliwa. Hilo la kuirudisha liliniuma kidogo. Zilikuwa za nazi.

Mzee alistaafu, akarudi Matombo kulima mdalasini, na meza ya dharura ikabaki kwangu peke yangu. Ndipo likaja lile ninalotaka mlijue.

Mwaka ule masika yalikuja kwa hasira. Maji yakala barabara ya Dar upande wa mashariki, mbele kidogo ya Kingolwira, na hakuna gari lililopita kuingia wala kutoka. Msamvu mabasi yalijipanga mpaka nje ya stendi, abiria wakawa wanapika uji kando ya magurudumu, na bei ya mihogo ya kukaanga ikapanda hadhi. Malori ya gesi yalikwama ng'ambo ya maji.

Asubuhi ya siku ya pili nikapokea simu ya Sista Anjela. Huyu alikuwa muuguzi mkuu wa hospitali ya masista iliyo mlimani juu yetu, mwanamke mkubwa wa umbo, mzaliwa wa hukohuko mlimani, ambaye hata akikusalimu unahisi umepewa maagizo.

"Mama Vero, gesi yetu inakwisha leo."

"Pole Sista. Mmebakiwa na nini?"

"Nimebakiwa na boila inayopumua kama mgonjwa. Mvuke wa kuchemshia vifaa vya upasuaji unatoka hapo. Mashuka yanafuliwa hapo. Umeme wenyewe unakuja na kuondoka kama mgeni wa msiba. Nina mama wajawazito wodini, mmoja mapacha wamekaa vibaya, daktari anasema lazima apasuliwe. Vifaa safi nilivyo navyo vikitumika kwake, atakayefuata sina cha kumpa."

"Kuni je?"

"Meko ya kuni tuliyabomoa tulipoletewa gesi. Mlikuja wenyewe kutupongeza, mkapiga picha."

Ni kweli, na kwenye picha ile mimi niko mstari wa mbele.

Gesi ya karibu ilikuwepo kwenye kiwanda cha vigae, upande wa Kingolwira. Sista alikuwa ameshampigia meneja wao, naye alikuwa amekataa. Sikupoteza muda. Nikachukua chupa yangu ya sabuni, nikapanda gari la ofisi, nikaenda kiwandani.

Meneja alikuwa Bwana Swai, kijana wa makamo, msafi, mpole, na siku ile uso wake ulikuwa umejikunja kama karatasi ya maandazi. Kiwandani kwake kulikuwa na lori moja limejaa mitungi ya gesi, akiba yake ya mwisho, na nyuma yake tanuru kubwa likiunguruma.

"Mama, usinione mbaya," alianza hata kabla sijakaa. "Nimelala nikiwafikiria hao wagonjwa. Lakini tanuru hili halizimwi kama jiko la nyumbani. Likipoa ghafla matofali yake ya ndani yanapasuka. Nikitoa lori hili, inabidi nianze kulishusha moto sasa hivi, polepole, kwa gesi ndogo iliyobaki kwenye matangi. Na hilo ningelikubali. Ninachoogopa ni nyie."

"Sisi?"

"Leseni yangu inasema gesi ni kwa matumizi ya kiwanda. Siyo ya kuuza. Nikimpelekea Sista bila kibali, kesho mnanifungia, na hapa kuna watu wanakula kwa kiwanda hiki. Nimewapigia wakubwa zangu Dar, wananiambia tunashauriana. Nimetaka kuwaandikia ninyi barua, sijui naanzaje."

"Hebu nieleze mimi hiyo barua ungeisemaje."

Akanitazama kama mtu asiyeelewa mtihani, lakini akaeleza. Kwamba hospitali ya masista imeomba gesi kwake. Kwamba barabara imekatika na mtoaji wao hawezi kufika. Kwamba wanahitaji kwa ajili ya boila ya upasuaji na wagonjwa wako hatarini. Kwamba angeweza kuwapa lori moja, hilo lililoko pale uani, kuanzia leo mpaka barabara itakapofunguka.

Nikamwacha amalize. Kisha nikatoa kalamu, nikaandika saa, nikamwambia:

"Bwana Swai, umeshatoa taarifa. Umesema nani anatoa, nani anapokea, kiasi gani, kwa nini, tangu lini mpaka lini. Hiyo ndiyo taarifa ya awali ya muamala wa dharura, na inaruhusiwa kwa mdomo. Mimi ndiye ninayepokea. Imepokelewa."

"Imepokelewa?"

"Imepokelewa. Hakuna kibali kingine cha kusubiri. Ya maandishi utanipa mvua ikikata."

Mara akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa gunia begani. Akafungua dirisha akapaza sauti uani, "Rajabu! Washa lori!" Kisha akakimbia mwenyewe kwenda kuanza kushusha moto wa tanuru, tai imerushwa begani.

Rajabu alikuwa fundi wao mkuu wa gesi na ndiye aliyeliendesha lile lori. Mimi nilitangulia na gari la ofisi. Tulivuka mji vizuri, tukaanza kupanda. Kwenye kona ya tatu au ya nne tukakuta udongo umeshuka barabarani, mwekundu, mzito, na mto mdogo unapita juu yake. Rajabu akashuka, akatazama, akatikisa kichwa.

Wakati huo kina mama wa mlimani walikuwa wanashuka na matenga ya mboga kichwani, maana hata gharika haimzuii Mluguru kwenda sokoni. Mmoja wao akauliza lori lile la mitungi linakwenda wapi. Nikamwambia linakwenda kwa Sista Anjela, kuna mama wa mapacha.

"Kwa Sista?" Akatua tenga lake. "Huyo ndiye aliyenizalisha wote wangu."

Akapiga ukelele kwa lafudhi yao ya mlimani, ile inayopanda mwishoni mwa neno kama njia zao. Mabonde yakamjibu. Wakatoka watu mashambani na majembe, wanaume kwa wanawake, wakaanza kukata udongo na kupanga mawe. Katekista wao akaanzisha wimbo ili majembe yaende pamoja, na mzee mmoja mwenye kanzu iliyofungwa kiunoni akasema wimbo ni mzuri ila unachelewesha, akaanzisha wake wa haraka zaidi. Wakabishana huku wanalima. Nami nilishika jembe, raba zangu zikazama, moja nikaiacha hukohuko. Lori lilipopita juu ya yale mawe, taratibu, likiyumba, watu walishangilia kama timu imefunga bao.

Hospitalini Sista alikuwa getini, mikono kiunoni. Hakutusalimu. Alisema tu, "Pale," akaonyesha nyumba ya boila.

Hapo ndipo tulipokwama tena. Mdomo wa mpira wa lori la kiwanda haukuingia kwenye mtambo wa hospitali wa kushusha mgandamizo. Wanahudumiwa na makampuni tofauti, na kila kampuni ina maungio yake. Fundi wa hospitali akapendekeza wafunge kwa mpira wa kawaida na vibano, kwa muda tu.

"Hapana," Rajabu alisema, bila kupandisha sauti. "Mgandamizo huu ukifungwa kwa vibano, hospitali hii tutaitafuta Kilosa."

Tukasimama. Sista akatutazama mmoja mmoja. Wodini alisikika mama akiita. Rajabu akajishika paji la uso, akafikiri, akasema aliwahi kuona kiungo cha kati chenye midomo ya aina zote mbili, kwenye kile kituo cha kujazia magari cha mjini. Nikampigia mwenye kituo, yuleyule rafiki wa bwana wa biskuti. Hakuuliza maswali. Alikifunga kiungo kwenye gazeti, akampa bodaboda, na yule bodaboda akapanda mlima kwa kasi ambayo mimi kama ofisa wa serikali sikuiona. Alipofika Rajabu alimwambia azime pikipiki mbali na azime simu. Yule bodaboda akasema, "Mama, kama ningejua nabeba kitu cha kuogopwa hivi ningeenda polepole."

Kiungo kikaingia. Rajabu akakaza, mimi nikapaka povu la sabuni pande zote, tukainama vichwa vinagusana, tukatazama. Povu likatulia. Likabaki limelala, jeupe, bila kuvimba. Sijawahi kuona povu zuri kama lile.

"Fungua," nikasema.

Geji ikapanda. Boila ikakohoa, ikanguruma, na baada ya muda mvuke ukapiga mluzi kwenye bomba la juu. Wauguzi walichungulia madirishani wakapiga vigelegele. Sista Anjela akageuka kuukabili ukuta. Nilidhani anasali, kumbe anafuta machozi kwa upindo wa aproni, na aliponiona akasema ni mvuke.

Mapacha walizaliwa alasiri ileile, wa kike wote. Yule wa pili alilia kwa sauti iliyofika mpaka tulipokuwa tumekaa na Rajabu tunakunywa chai. Mkiniuliza walipewa majina gani, mmoja aliitwa Veronika, na wa pili baba yake alitaka aitwe Gesi mpaka Sista alipoingilia.

Sasa mvua ikakata, barabara ikatengenezwa, tanuru la Bwana Swai likapona kwa ufa mdogo tu, tukakaa kuandika taarifa kamili. Kila safu ilijaa vizuri mpaka ya malipo. Bwana Swai hakutaka kulipwa. Alisema hawezi kutajirika kwa wagonjwa. Sista naye hakutaka cha bure. Alisema shirika lao halijawahi kuombaomba na halitaanza uzeeni mwake. Lori liliporudi kiwandani lilikuwa limejazwa kabichi, karoti, njegere na magunia ya matunda damu, yale mekundu kama nyanya, kutoka shamba la misheni, kwa ajili ya wafanyakazi. Walizila wiki nzima. Mpishi wa kiwanda aliniambia alipika kabichi kwa namna ambazo hajui majina yake.

Basi kwenye safu ya bei nikaandika ukweli: "Kabichi, karoti, njegere na matunda. Lori moja." Nikatuma makao makuu.

Simu ikaja. Kijana mwenye sauti nzuri sana.

"Shikamoo mama. Naulizia taarifa yako ya dharura. Kwenye safu ya bei naona imeandikwa... kabichi?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo, kabichi."

"Mfumo unakataa, mama. Unataka tarakimu."

"Mfumo haukuwepo."

"Ninaweza kuweka sifuri?"

"Sifuri maana yake hawakulipa. Walilipa. Watu wamekula."

Nikamsikia anaongea na mtu pembeni. Mwishowe akachukua simu mkurugenzi wao, mama mmoja ambaye nilikuwa namfahamu kwa jina na kwa ukali tu.

"Mama Vero, ni kabichi za wapi?"

"Za Uluguru, mkurugenzi. Za kule juu kwenye baridi."

"Zile ngumu?"

"Hizohizo."

Akacheka. Mimi nilidhani watu wa makao makuu hawachekagi saa za kazi. Akasema taarifa isibadilishwe, bali fomu ndiyo ibadilishwe. Fomu iliyofuata ilikuja na safu ndogo chini ya bei, imeandikwa "malipo yasiyo ya fedha". Mnaiona kila siku. Wengi wenu mnairuka. Sasa mnajua ilizaliwaje.

Baada ya hapo miaka ilikwenda vizuri. Kiwanda na hospitali waliandikishiana makubaliano ya kusaidiana, viungo vya maungio vikanunuliwa na kuwekwa kabisa ukutani, Bwana Swai akawa anapanda mlimani kila Krismasi na familia yake. Nilisafiri kanda nzima nikieleza watu jambo lile moja: toa msaada, kisha tuambie.

Masika ya mwisho kabla sijastaafu, barabara ya Dar ilikatika tena. Niliposikia tu kwenye redio nilijua nini kitafuata. Nikavaa mabuti, nikachukua gari, sikumsubiri mtu, nikapanda mlima. Njiani nikapanga maneno ya kumwambia Bwana Swai, nikapanga nani nimpigie kwanza.

Nilipoingia getini, lori la kiwanda lilikuwa limeshaegeshwa, mpira umeshaungwa, mvuke unapiga mluzi. Rajabu, ndevu zimekuwa nyeupe, alikuwa anakunja vifaa vyake. Sista Anjela akatoka kwa mwendo wa fimbo.

"Mama Vero, umekuja kufanya nini na mvua hii?"

"Sista, nimekuja kupokea taarifa."

"Tumeshatoa. Tumempigia yule binti wa ofisini kwenu, ametuuliza yote, ameandika, ametuambia imepokelewa. Hakukwambia?"

Nikatazama simu yangu. Kweli, kulikuwa na ujumbe wa Neema, huyo binti mwenyewe, umefika wakati mimi napambana na kona: kila kitu kimekamilika, mama, usihangaike.

Sikuwa na la kufanya. Siku nzima ya kazi ilikuwa mbele yangu na hakuna aliyenihitaji, na nilisimama pale katikati ya uwanja nimelowa, nikijisikia furaha ambayo sikujua niielekeze wapi.

"Basi ingia ndani," Sista alisema. "Kuna wali wa moto na kuku. Leo wewe ni mgeni tu."

Nikavua mabuti mlangoni, nikanawa mikono, nikala mpaka nikaongezewa.